Foibe Hakulia

Jumatatu ilikuwa siku ya kuchemsha vitambaa vya kufungia vidonda. Tulikuwa wasichana wachache wa Kigogo tuliojifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, juu ya vilima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka stesheni ya Gulwe. Foibe ndiye aliyechochea moto siku hiyo. Alimwigiza Bibi Sista, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wetu, namna alivyokunja uso alipoonjeshwa mlenda, mboga yetu ya kuteleza. Tulicheka mpaka Mama Rakeli akatoka wodini kutuuliza kama wagonjwa wote wamepona.

Mama Rakeli alikuwa mjane wa kwetu, wa kwanza kujifunza kazi ile, na ndiye aliyetulea pale. Bibi Sista alituambia muuguzi halii mbele ya mgonjwa. Mama Rakeli aliongeza lake: "Halii mbele ya mgonjwa. Akitoka nje, alie." Kila jioni tulitwanga uwele pamoja, na kila mmoja alisema kilichomlemea mchana. Aliyekuwa ameona mtoto akifa alisema. Aliyekuwa amechukizwa na usaha alisema. Kisha tulikula, tukalala.

Vita ya Wajerumani na Waingereza ilitufikia kwanza kama habari za watu wa mbali. Baadaye magari ya moshi yalianza kushusha majeruhi Gulwe, na mikokoteni ya ng'ombe ikawapandisha kwetu. Askari walipewa vitanda. Wapagazi walilazwa kwenye mikeka, katika banda la nyasi nyuma ya wodi. Hao walikamatwa vijijini kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakuwa na jeraha la risasi. Waliumwa tumbo la kuhara damu, na mabega yao yalikuwa yameoza kwa masanduku.

Jeshi likachukua uwele wetu wote. Pasipo nafaka hapakuwa na kutwanga, na pasipo kutwanga yale mazungumzo ya jioni yalikufa. Hakuna aliyeamua yafe. Tulichoka tu.

Siku moja Foibe alikuwa akiwanywesha maji wapagazi waliotoka kushushwa. Mmoja akamwita Matika, jina lake la nyumbani, ambalo pale hospitali hakuna aliyelitumia. Alikuwa kaka yake, Mazoya. Walimkamata akiwa machungani, na kwao hawakujua alikopelekwa.

Foibe alimwosha. Nilimsikia Mazoya akiuliza, "Mama ana chakula?"

"Anacho."

Mazoya alikufa kabla jua halijafika utosini. Foibe alimfunika uso, akainua ndoo, akasogea kwa aliyefuata.

Nilimshika mkono. "Foibe, toka nje kidogo."

"Huyu ana kiu," akanijibu.

Bibi Sista alikuwa ameyaona yote. Alituita tukasimama mbele yake. "Mtazameni Foibe," alisema. "Huyu ni muuguzi." Nasi tulimtazama kwa kijicho kidogo, maana sifa za Bibi Sista zilikuwa adimu.

Mama Rakeli hakufurahi. "Bibi, mtoto huyu amefiwa. Mpe ruhusa aende kwao wakalie pamoja."

Macho ya Bibi Sista yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nani atabaki, Rakeli?"



Kisha tukasikia mizinga.

Mara ya kwanza tulidhani ni radi, ila ilikuwa kiangazi na mbingu nyeupe. Vyupa vya dawa vilitikisika rafuni.

Afisa wa Kijerumani akaja mbio amepanda nyumbu wa jeshi. Alisema Waingereza wamekaribia reli. Majeruhi wanaoweza kusafiri watakwenda kusini na jeshi. Alitaka muuguzi mmoja.

"Nichukueni mimi," alisema Mama Rakeli.

Afisa alizitazama mvi zake, akakataa.

Bibi Sista akataja jina la aliyekuwa imara kuliko wote.

Foibe alipanda mkokoteni. Hakugeuka.

Alirudi vita ilipokwisha, baada ya njaa kubwa iliyoua wengi kwetu, kwa miguu, pamoja na wapagazi walioachiliwa. Alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa." Bibi Sista alikuwa ameshachukuliwa mateka na Waingereza. Mama Rakeli alimlisha Foibe uji mpaka akapata nyama mwilini, kisha akamwambia aje tena kazini. Foibe alifika mlangoni pa wodi. Harufu ya dawa ilipompata aliketi chini palepale, asiweze kuingia. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Akaenda kwa mama yake, akawa analima.

Mama Rakeli hakuweza kukaa na jambo lile. Tulikwenda naye kumwona, tukamkuta akipalilia. Mama Rakeli, mtu mzima vile, alipiga magoti kwenye udongo.

"Nisamehe, mwanangu. Nilimwacha Bibi apeleke vitani mtu aliyefiwa."

Foibe alimwinua haraka, kwa aibu ya kupigiwa magoti na mkubwa. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake tangu arudi.

"Siku ile sikuwa na nguvu, Mama. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ninyi mkasema ni nguvu. Na huko kusini walikufa wengi, sikuwa na wa kumwambia hata mmoja."

Mama Rakeli alilia njia nzima ya kurudi. Foibe hakulia, wala hakurudi hospitali. Homa ilimchukua masika mojawapo, angali kijana, nami nikawa miongoni mwa waliomwosha.

Nimefundisha wasichana wengi tangu hapo. Anayelia simhofii. Anayefiwa na kuinua ndoo palepale, huyo namfuata na kumkalisha chini, hata wagonjwa wakingoja, na wapo walionilaumu kwa hilo. Foibe alikuwa na mkono mwepesi kupita sisi sote. Mgonjwa wake hakushtuka kitambaa kikibanduliwa kidondani. Mkono ule haukuguswa na risasi, lakini hatukuupata tena.