Mbwa wa Misisi Pritchard Wapelekwa Pwani

Kemunto alikuwa ameogopa mbwa tangu utotoni, na hakuona sababu ya kuacha kuwaogopa eti kwa kuwa amevuka bahari. Kwao Nyaribari, kwa Wakisii, mbwa alikuwa kiumbe wa nje. Alibweka, akang'ata wezi na wageni bila kubagua, akala makombo, akafa. Kwa hiyo alipopanga chumba Acocks Green, mtaa mmoja wa Birmingham, kwa mjane wa Kiingereza aitwaye Misisi Pritchard, na kukuta mbwa wawili wamejinyoosha mbele ya moto wa makaa kama wazee wa kamati, alisimama mlangoni na sanduku lake mkononi, akauliza kwa adabu wangetolewa nje saa ngapi. Misisi Pritchard akamjibu kwamba wao ndio waliotangulia kuishi humo.

Yule mkubwa alikuwa mweusi tii, isipokuwa pete ya manyoya meupe shingoni, na kwa sababu ya hiyo kola aliitwa Bishop, yaani Askofu. Mdogo, jike lenye miguu mifupi kama ya kigoda, aliitwa Duchess. Bishop aliiba soseji, alikoroma, na kila ilipoanza taarifa ya habari alijamba. Kemunto, aliyelelewa katika kanisa la Sabato lisilo na maaskofu, alijiambia kwamba kumbe hakukosa kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 1972 Misisi Pritchard aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la nyama, akavunjika nyonga, akalazwa katika hospitali ileile alikofanya kazi Kemunto. Kemunto alipopita kumjulia hali, bibi yule hakuzungumzia nyonga. Kila Januari, alisema, yeye na mbwa wake walikwenda Weston, pwani, maana wakati wa kiangazi ufuko ulijaa watoto na aiskrimu na mbwa walifukuzwa. Januari ufuko ulikuwa wao peke yao.

"Wewe ni nesi," alisema, amemshika kifundo cha mkono. "Kazi yako ni kuwatuliza wagonjwa. Basi mimi ninachougua ni Weston. Wapeleke mbwa wangu."

Kemunto hakuwa na gari wala hamu. Gari alikuwa nalo jirani yao, Gurbachan Singh, fundi wa mbao mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akitengeneza makabati ya vioo ya kuwekea vito katika karakana moja ya Hockley. Yeye na Kemunto walizungumza Kiswahili, kila mmoja upande wake wa ua. Kiingereza walikijua, ila waliona hakitoshi kuilaumu hali ya hewa ipasavyo. Gurbachan alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Jumapili alikuwa na zamu ya jikoni gurdwara, hekalu lao la Kisikh, kwa hiyo ikabaki Jumamosi, siku ya Sabato. Kemunto alimwambia Mzee Cleopas, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, kwamba siku hiyo angekuwa na shughuli ya mgonjwa. Mzee akamwombea huyo mgonjwa kwa kirefu, na Kemunto akaitikia amina kwa sauti.

Surjit, mke wa Gurbachan, alikuja pia, kwa kuwa hakuliamini gari, hakuwaamini mbwa, na zaidi ya yote hakumwamini mumewe. Alikaa mbele na sufuria ya chapati za viazi mapajani. Kemunto alikaa nyuma kati ya mbwa na mbao za kazi ya Jumatatu, na Bishop akamwekea kichwa begani akimdondoshea mate njia nzima. Kufika Weston, woga wa Kemunto ulikuwa umegeuka kinyaa, akaona hayo ni maendeleo.

Waliposhuka, bahari haikuwapo.

"Baba Narinder," Surjit alimuuliza mumewe, "umetuleta wapi?"

Gurbachan akanyoosha kidole. Mbali kabisa, kama uzi wa kijivu, kulikuwa na kitu kinachometameta. Maji yalikuwa yamekupwa, yakaacha mchanga kidogo na baada ya mchanga tope lisilo na mwisho. Surjit akasema kwamba ziwa la Kisumu, ukiliacha mahali, ukirudi unalikuta.

Kemunto alikuwa amevaa wigi lake la kutokea, refu la mawimbi, ambalo hakuwahi kutoka bila kulivaa siku ya mapumziko. Upepo wa Weston haukulijali. Ulilinyanyua mara moja, ukalibiringisha mchangani, na Bishop, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akilitazama wigi hilo kwa wivu, aliamini kwamba hatimaye mnyama yule ametoroka. Akamfukuza. Wigi likavuka mchanga, likaingia topeni, na Bishop nyuma yake. Alilikamata, akageuka kwa fahari kuwaonyesha, na hapo hapo akaanza kuzama. Tope likafika tumboni. Alijaribu kuruka, likafika kifuani.

Gurbachan alikimbia garini akarudi na mbao, akazilaza juu ya tope moja mbele ya nyingine. Alipokanyaga ya kwanza ikadidimia na gambuti lake likabaki huko hadi leo. Alikuwa mtu mzito. Surjit naye hakuwa mwepesi, ingawa hakuna aliyethubutu kulitaja hilo. Wakamtazama Kemunto. Kemunto akaitazama barabara, akafikiria kurudi Birmingham kwa miguu. Kisha akavua koti, akalala kifudifudi juu ya ubao, na Surjit akamkamata vifundo vya miguu huku akimwomba Mungu na kumtukana mbwa kwa lugha tatu.

Alijivuta mpaka akafika uso kwa uso na Bishop. Mbwa alikuwa akitetemeka, macho yamemtoka, wigi bado mdomoni.

"Sikiliza," Kemunto alimwambia kwa Kiswahili. "Mimi na wewe hatupendani. Lakini nikirudi bila wewe, yule mama atanifia. Toka."

Akapitisha mikono chini ya kifua chake, ndani ya lile tope baridi, akamkumbatia kama anavyomwinua mgonjwa kitandani, akapiga kelele wavute. Walivuta. Ubao ukateleza, tope likaguna, na nesi na askofu wakatoka pamoja.

Bwana mmoja mzee aliyekuwa akitazama tangu mwanzo, mikono mifukoni, aliwasogelea akawaambia kwamba kuna kibao kinachoonya juu ya tope, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Surjit alimjibu kwa Kiswahili, kwa muda mrefu, bila kupumua. Kisha akamfupishia kwa Kiingereza: asante.

Mkahawa ulikuwa karibu. Mama mwenye mkahawa alisema mbwa hawaruhusiwi. Gurbachan akasema mbwa wangebaki garini. Mama yule akawatazama wote watatu, akasema wanafunga, na nyuma yake watu walikuwa ndiyo kwanza wanaletewa chakula. Kemunto aliujua ufungaji huo. Milango mingi ya Birmingham ilikuwa imefungwa vivyo hivyo siku alizotafuta chumba, kabla hajafika kwa Misisi Pritchard. Walikula ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, na ni Surjit aliyemwonyesha Kemunto kwamba chapati yake alikuwa ameikata vipande viwili na kimoja ameshampa Bishop kwa mkono wake mwenyewe.

Hospitalini Kemunto alisimulia yote, hata pale pa kuzama, maana hakuweza kudanganya mbele ya macho yale. Misisi Pritchard alicheka mpaka akashika nyonga yake kwa maumivu. Kisha akauliza kama Bishop aliingia baharini.

"Hapakuwa na bahari," Kemunto alisema.

"Na mimi nimeiona mara chache sana," alisema Misisi Pritchard. "Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia itarudi baada ya chai."

Alirudi nyumbani majira ya kuchipua, akitembelea fimbo. Kuwatembeza mbwa kukawa kazi ya Kemunto, asubuhi kabla ya zamu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia aliwaamrisha kwa Kikisii. Kufikia kiangazi Bishop hakutii tena Kiingereza. Misisi Pritchard alipomwambia aketi, mbwa alimgeukia Kemunto kusubiri tafsiri. Bibi akakasirika siku mbili tatu, kisha akaomba afundishwe neno hilo, akalirudia jikoni mchana kutwa. Jioni Kemunto aliporudi kutoka kazini, miguu inawaka, alimkuta amesimama mbele ya meko ya sebuleni na fimbo yake, kidole juu.

"Ikaransa," aliamuru Misisi Pritchard.

Bishop akaketi. Kemunto naye, koti bado mwilini, akajikuta ameketi.