Dohani ya Jiko la Mama

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, bara kidogo kutoka Mingoyo, jiko letu jipya lilikuwa finyu na moshi haukuwa na pa kutokea. Mama alikuwa na pumu. Baba, aliyewahi kuwa kibarua wa mwashi kwenye shamba la mkonge, aliamua kumjengea dohani kama aliyoiona nyumbani kwa meneja.

Aliijenga kwa matofali mabichi, akaikandika ndani kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili moto usiipasue. Kwa majuma machache mama alipika bila kukohoa, na mara nyingine nilimsikia akiimba.

Kisha masika yakaanza. Maji yalipenya pale dohani ilipotoboa paa la makuti, udongo wa ndani ukalainika na kudondokea chunguni. Baba aliomba lami kwa mafundi wa barabara, akaipaka kuzunguka tundu, lakini maji yalipata njia nyingine. Alikwenda duka la ushirika kutafuta saruji. Haikuwapo, wala bati.

Siku matofali yalipoporomoka, mama alitoka jikoni mbio, amejaa matope.

"Baba watoto, basi," alisema akihema. "Ziba hilo tundu."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu nimekizoea."

Baba alipanda juu, akaliziba kwa makuti. Mama aliendelea kupika humo mpaka kifua kilipomshinda, tukamzika kijijini hapo hapo, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuhamia.