Mama Pindo na gauni lililosubiri msumarini

Chai haijachemka, lakini cherehani ya Mama Pindo imeshaanza kulia. Dirisha la chumba chake liko wazi, na wapita njia wanamsalimia kwa jina hilohilo. Anaitikia bila kuinua kichwa, miguu ikikanyaga, kitambaa cha buluu kikipita chini ya sindano.

Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alilipata kwa tabia yake ya kuacha pindo pana kupita kiasi kwenye sare za shule anazoshona. Mafundi wengine hukunja upana wa vidole viwili. Yeye hukunja kiganja kizima. Wateja hunung'unika kwamba kitambaa kinakaa ndani bure, kisha mtoto akirefuka wanarudi dirishani wakicheka, gauni mkononi, ili alishushe.

“Mtoto humshonei kwa leo tu,” anasema. “Ule urefu ambao bado hajaupata, nao unaushonea.”

Asubuhi hii kazi kubwa si ya mteja. Kwenye msumari nyuma ya mlango kuna gauni la shule ambalo limening'inia zaidi ya mwaka bila kuvaliwa hata siku moja. Ni la kitindamimba wake. Jumatatu shule zinafunguliwa.

Mtoto huyo aliugua homa kali, na homa ilipoondoka ikaacha miguu yake haina nguvu. Daktari aliwaambia ukweli: huenda nguvu zingerudi, huenda zisirudi, na kama zingerudi, zingerudi polepole. Baba mtu, ambaye ni mwashi, akawa anambeba asubuhi kumweka dirishani na jioni kumrudisha kitandani.

Waliporudi tu kutoka hospitali, Mama Pindo alichukua tepu ya kupimia, akampima mtoto palepale alipolala. Akakata, akashona, akakunja pindo pana kuliko yote aliyowahi kukunja, akalitundika gauni mlangoni.

Wifi yake, anayeishi nao na kumsaidia kushona vifungo, hakuweza kunyamaza. Alitaka kujua kama hilo gauni ni la mtoto au ni la msumari. Kila mlango ulipofungwa alisema leo msumari umependeza.

Mama Pindo anacheka akikumbuka. Anasema hakusikia sauti wala hakuota ndoto. Alishika tu kile alichofundishwa kanisani tangu utoto, kwamba Mungu akisema yuko nawe, yuko, hata siku ambayo huoni dalili yoyote.

“Hakuniahidi tarehe,” anasema. “Hata kwamba mtoto atatembea, hakuniahidi. Aliniahidi kwamba hataniacha peke yangu ndani ya kile chumba alicholala mtoto. Nikasema basi, kama yupo, mimi nashona.”

Kuna siku mikono ilimlegea. Mteja mmoja alifika na haraka zake, mwanawe akiwa wa rika lile lile, akaliona gauni mlangoni na kutaka kulinunua. Mama Pindo akalishusha, akaanza kulikunja. Anasema siku hiyo alikuwa amechoka kuomba maneno yaleyale.

Aliyemzuia ni wifi yuleyule wa vifungo.

“Wifi, hilo lina mwenyewe. Lirudishe,” alisema. Kisha akamwambia mteja apite kesho, atashonewa lake, ila hili asilitazame tena.

Mama Pindo alilia, halafu akacheka. Kumbe aliyemtania miezi yote hiyo alikuwa analilinda gauni kuliko yeye. Wifi, akiulizwa, haachi kutunga uzi kwenye sindano. “Nilikuwa namtania yeye,” anasema. “Mungu sikumtania.”

Nguvu zilianza kurudi kwenye vidole vya miguu. Baadaye mtoto akawa anasimama akishika ukingo wa meza ya kukatia, akaizunguka meza hiyo mpaka akaichoka. Nyumba nzima ilikuwa ikinyamaza kila anapoinuka, hadi akawaomba waendelee na maongezi yao kwa sababu walikuwa wanamtia woga. Sasa anatembea na gongo moja.

Lakini ametoa sharti. Hataki kupelekwa shule mgongoni kama gunia. Ama afike getini kwa miguu yake, ama abaki nyumbani muhula huu pia. Jana alijaribu na baba yake, akachoka nusu ya njia, akakaa kwenye jiwe. Leo anajaribu tena, na ameomba avae gauni lake.

Linashushwa msumarini. Anavaa, anasimama wima. Wifi anafunika mdomo kwa kiganja. Gauni limeishia juu kabisa ya magoti.

“Mama, hii ni blauzi?” mtoto anauliza.

Mama Pindo anajishika kichwa. Alimpima amelala, magoti yamejikunja chini ya shuka, na mtoto amerefuka humohumo kitandani. “Fundi mzima mimi,” anasema, “napima mtu aliyelala.”

Anachukua wembe na kulifumua pindo uzi kwa uzi. Kitambaa kinashuka, pasi inapita, upindo mwembamba unakunjwa. Gauni linafika chini ya magoti, mahali pake hasa. Pindo lote limetumika.

Wanatoka. Baba anatembea nyuma hatua chache, kama alivyoagizwa. Kwenye lile jiwe mtoto anasimama akihema. Baba analifuta vumbi kwa mkono ili akae. Mtoto analitazama jiwe, analitazama gauni lililotoka kwenye pasi, anakataa. Anasema litachafuka.

Anapumzika akiwa ameegemea gongo, kisha anaendelea. Mlinzi wa shule anapomwambia kwamba masomo ni Jumatatu, yeye tayari ameshika chuma cha geti. “Najua,” anamjibu. “Nimekuja kujaribu gauni.”

Kurudi, anakubali kubebwa. Anasema sharti lake lilikuwa la kwenda tu.

Nyumbani, Mama Pindo ameshatandaza kitambaa kipya mezani, maana gauni moja halitoshi wiki, na lile la kwanza halina tena pa kushuka. Jumapili anataka kwenda naye kanisani, wakashukuru wakiwa wamesimama.

“Simama vizuri,” anamwambia, tepu ikiwa begani kwa mtoto. “Safari hii nakupima hivyohivyo. Pindo nikuachie kiasi gani?”

Mtoto anatazama mkono wake mdogo, kisha wa mama yake.

“Kiganja,” anasema. “Chako, siyo changu.”