Kijibwa Juu ya Makaratasi

Juzi nilikuwa ofisi ya mifugo hapa Shinyanga, kwenye foleni ya wafugaji waliofuata dawa ya kupe, alipoingia mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, amepakata kijibwa. Mbwa akakohoa kwa sauti kama ya bata bukini. Foleni nzima ikacheka.

"Mama, hapa tunatibu ng'ombe," alisema bwana mifugo.

"Basi mhesabu ni ng'ombe mdogo. Siondoki."

Akamweka mezani, juu ya makaratasi ya serikali. Bwana mifugo akampapasa koo, na kicheko kikamwisha.

"Bomba lake la hewa limelegea, linabonyea akivuta pumzi. Kupona kabisa hatapona, lakini ataishi. Nitakupa dawa ya kikohozi. Mpunguzie samli, mkinge na vumbi, na huu mkanda wa shingoni mvue leo hii."

"Nitamtembezaje sasa?"

Mfugaji aliyecheka kuliko wote akapiga goti, akampima mbwa kifua kwa vidole. "Mayu, mama yangu, hata ng'ombe wa plau havuti kwa koo. Anavuta kwa mabega." Akavua mkanda wake mwenyewe wa ngozi, akaukata, akaufunga ukazunguka kifua cha mbwa. Kisha akarudi kwenye foleni ameshika suruali kwa mkono mmoja.

Mimi nimeambiwa "hilo si letu" katika ofisi nyingi, na kila mara nimeshukuru, nikaondoka. Jumatatu narudi ofisi ya maji, ambao nao walinijibu hivyo hivyo. Makaratasi yao wayaondoe mezani mapema.