Kalibu ya Sikio la Kulia

Vizibo vyangu vya masikio, vilivyotengenezwa kwa kipimo changu mwenyewe, vinaziba barabara nikinyamaza. Nikisema, cha kulia kinaachia na mlio wa bastola unaingia wote. Na kazi yangu ni kusema: mimi ni mkufunzi katika uwanja wa shabaha nje ya jiji, ndiye ninayetoa amri ya kujaza risasi, ya kufyatua, ya kuacha.

Sikio la kushoto lilishaharibika. Daktari alisema halitarudi, kilichobaki ni kulilinda la kulia. Vile vifunika masikio vikubwa vya kazini nilikuwa nikivisogeza kila mara ili nimsikie mwanafunzi, na ndivyo nilivyoumia. Nikaamua kununua vya kielektroniki, vidogo, vinavyopitisha sauti ya mtu na kukata kishindo cha risasi.

Mtaalamu wa masikio, dada mchangamfu mwenye chumba juu ya duka la dawa, alinimulika kwa tochi, akasukuma ndani kipande cha sponji chenye uzi. Kabla ya kujaza silikoni laini alinieleza kwamba inapoganda niongee, nitafune hewa, nifanye kama niko kazini, kwa sababu njia ya sikio hubadilika umbo taya linapocheza. Silikoni ikishaganda ndiyo kalibu ambayo ingepelekwa kutengenezewa vizibo. Akajaza, akatoka kumpokea mteja mwingine.

Nilibaki na kiti, dirisha, na picha ya sikio lililokatwa katikati. Nilifungua mdomo, sikuwa na la kusema. Kupaza amri ya kufyatua mle ndani kungewatoa watu mbio. Tangu mke wangu aende magharibi mwa nchi kumuuguza mama yangu, ninakaa peke yangu mtaani Tassia. Simu zetu ni fupi, dawa na mvua. Wikendi inaweza kuisha bila neno lolote ila salamu kwa mlinzi wa geti, naye huitika kwa kichwa. Basi nikaufunga mdomo na kungoja kwa adabu, kama niko kanisani.

Vizibo vilipokuja na kuanza kuachia, nilimweleza mwenzangu kazini. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Buda, si ungeongea hata bei ya nyanya?”

Nilirudi kwa yule dada. Alinivisha, akaniambia niseme chochote, akaona cha kulia kinavyocheza. Hakunilaumu.

“Mzee, tutarudia. Lakini safari hii uje na mtu wa kupiga naye stori. Mimi siwezi kukaa na wewe, nina wateja.”

Nilimuuliza mtu gani.

“Yeyote mnayeongea naye sana.”

Miadi ni Jumatano asubuhi. Mwenzangu atakuwa zamu uwanjani, na mke wangu hawezi kumwacha mgonjwa. Jana jioni nilibisha mlango ulio mkabala na wangu. Jirani huyo namjua kwa kikohozi na redio yake tu. Alinisikiliza mlango ukiwa nusu wazi, akauliza kama inauma, kisha akauliza tutakuwa tunaongea nini. Nikasema chochote. Akasema ataomba ruhusa kazini.

Bado hajaniambia kama ameipata.