Damu ya Binti Yangu Kwenye Friji

Ulikuwa mwaka ule wa nduma. Unga ulipanda bei mpaka huku Mukurweini tukaacha kusonga ugali, tukala nduma asubuhi na nduma jioni, na mafuta ya kupikia tukayapima kwa kijiko cha chai. Ndiyo maana binti yangu aliponiambia mafuta yanamchoma tumbo, nilimjibu, "Mafuta gani? Hayo ambayo hatuna?" Tukacheka wote wawili. Kicheko changu bado nakisikia.

Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Gakindu. Kliniki walimwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa nyeupe ya kunywa, akainywa karibu mwaka. Sketi zake akawa anazipunguza kiunoni kwa cherehani yake mwenyewe, na wanawake wa sokoni wanamwambia, "Umekuwa msichana tena, tupe siri." Siri yenyewe ilikuwa inamla. Macho yalipogeuka manjano tulimpeleka Nyeri, na daktari akasema ni saratani ya kongosho, na tayari imefika kwenye ini.

Sikujua kongosho ni nini. Nimezaa watoto sita, nimepika matumbo ya mbuzi tangu utotoni, na sikujua. Daktari alisema imelala nyuma ya tumbo, basi nikaenda kwa mchinjaji wetu anionyeshe. Akapekua, akatoa kitu chembamba cha rangi iliyopauka, kama ulimi uliotafunwa.

"Ni hii, cucu?" akaniuliza; ndivyo kwetu bibi huitwa.

"Inaitwaje?"

"Mimi huiita ya mbwa."

Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe: cha wazee, cha akina mama, cha wasichana. Hicho hakikuwa na mtu. Akakitupa, mbwa akakimeza bila kutafuna.

Hospitalini alitujia mwanamke mmoja wa utafiti. Alisema wanatafuta namna ya kuiona saratani hii kwenye damu kabla haijamlaza mtu. Kwa binti yangu hakuahidi chochote, na hilo nilimheshimu. Binti yangu akanyoosha mkono. "Chukueni," akasema. "Niko na msichana."

Msichana huyo ndiye mjukuu wangu. Yuko kidato cha tatu, wa kwanza darasani, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Tulitolewa damu sote watatu. Kwenye karatasi ya kukubali mimi niliweka kidole gumba, maana shule niliiacha darasa la pili. Wiki tano baadaye tukamzika binti yangu.

Mwaka jana yule mwanamke alikuja kwangu. Nikamwekea chai, na hakuigusa mpaka ikafanya utando.

"Cucu, wafadhili wamejitoa. Utafiti umefungwa."

"Mmepata nini?"

"Hatukuwa tumefika popote."

"Na ugonjwa, umefungwa pia?"

Akafungua mkoba wake.

"Na damu ya mtoto wangu?"

"Hakuna wa kulipia friji. Zote tatu itabidi zitupwe. Wanataka ukubali hapa." Akatoa karatasi na pedi ya wino.

Nilimwuliza kama hao wafadhili wana watoto. Akasema hajawahi kuwaona. Jikoni mjukuu wangu alikuwa anakoroga uji. Niliusikia mwiko ukinyamaza. Alikuwa ameanza kusema chakula kinamkaa vibaya. Labda ni mtihani. Labda ni uji. Ati nani ataniambia sasa, yule wa dawa nyeupe?

"Siweki kidole hapo," nikamwambia.

"Hata usipoweka, cucu, friji itazimwa mwisho wa mwezi."

Alisema kwa upole. Yeye pia alikuwa amepoteza kazi, na machozi yalikuwa karibu. Sikumkasirikia. Nilijua friji haingoji kidole cha mwanamke mzee, na kwamba damu ile itamwagwa nikiwa hapahapa napepeta maharagwe. Lakini wasije wakasema mama mtu alikubali.

Akanisogezea wino tena.

"Siweki kidole hapo."