Nne ya Uongo Kwenye Mlango wa Mukeke

Mwasiti alizaliwa Rumonge mwaka wa Uhuru wetu, 1962. Mwaka 1972, watu walipokuwa wakiuawa, mama yake alimkimbiza kwa mtumbwi mpaka Kigoma. Baba akabaki nyuma. "Hakuna neno, atakuja," watu walimwambia mama. Hakuja. Tangu hapo, ndugu zangu, usimwambie Mwasiti "hakuna neno" kama neno lipo.

Alirudi Rumonge mtu mzima, fundi wa kompyuta. Akaandika kwa lugha ya C, pamoja na mdogo wake Lukeba, programu ya kuonyesha joto la chumba cha baridi cha wanawake wauza samaki. Mnajua mwezi ukiwa mpevu wavuvi wetu hawatoki, kwa kuwa samaki hawafuati taa. Basi Mariyamu, mjane, alikuwa amehifadhi humo mukeke, samaki wa ziwani, wa kupikwa kwenye arobaini ya mumewe.

Siku moja kabla ya arobaini, kioo cha programu hiyo mlangoni kilisema nyuzi nne. Mwasiti akafungua, akainua shavu la samaki mmoja. Jeusi. Kipimajoto cha mkono kikasema kumi na tisa; mashine ya baridi ilikuwa imeharibika, na hakuna aliyejua.

Akaifungua programu.

`printf("Joto: %d\n", joto);`

"Lukeba! Joto uliitangaza aina gani?"

"Double, dada. Iko na desimali."

"Na `%d` inangoja nini?"

"Namba nzima... Nilidhani itakata desimali tu."

Haikati, wapenzi. C ikiambiwa ingoje namba nzima, huokota chochote inachokikuta mahali namba nzima hukaa, hata mabaki ya kazi nyingine. Safari hii iliokota nne.

"Na kompaila haikukuonya?"

"Ilionya. Nikazima maonyo. Yalikuwa yanajaza kioo, nikaona hakuna neno."

Mungu wangu! Mwasiti alipiga meza, kikombe kikaruka.

"Hakuna neno? Uliiziba mdomo, ukalala usingizi!"

Akafuta `%d`, akaandika `%.1f`, akarudisha maonyo yote. Kioo kikasema 19.3. Ukweli umefika, samaki wameoza.

"Dada," Lukeba akanong'ona, "tumwambie Mariyamu umeme ulikatika."

"Thubutu! Utamwambia wewe, kesho, mbele ya wageni."

Kesho yake, samaki wakiwa wametupwa, arobaini ililiwa kwa maharage. Lukeba alisimama, akasema yote. Mariyamu akaweka sahani yake chini.

"Murakoze, asante kwa kusema. Sasa chukua masufuria, ukaoshe."

Watu wakacheka. Mwasiti hakucheka. Alimaliza maharage yake, akaenda kukaa mlangoni pa chumba cha baridi, kipimajoto mkononi.